Kiti cha Pili

Kliniki ya meno ya shangazi yangu iko juu ya duka la dawa, katika mtaa mmoja wa Kampala. Ina viti viwili vya kutibia. Kiti cha kwanza ni cha Shangazi mwenyewe. Cha pili ni cha daktari anayemwajiri. Katika miaka mitatu niliyofanya kazi ya mapokezi pale, siku za Jumamosi na wakati wa likizo, nimewaona madaktari watatu kwenye kiti hicho, na wawili wa kwanza waliondoka kabla ya kutimiza mwaka.

Shangazi alikuwa na maelezo yake. "Vijana hawana subira," alisema. "Wanajifunzia kwangu, kisha wanakwenda kufungua za kwao." Nilimwamini. Ndiye aliyenilipia karo, na kwetu Baganda shangazi, ambaye tunamwita ssenga, habishiwi ovyo.

Kumpata daktari si kazi ndogo. Hapa Uganda mtu husomea udaktari wa meno kwa miaka mitano, kisha hufanya kazi hospitalini kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi, ndipo anaposajiliwa na baraza la madaktari. Leseni yake huhuishwa kila mwaka. Shangazi aliyakagua hayo yote kwa makini. Jambo ambalo hakulifanya ni kuandika makubaliano ya malipo. Alisema tu kwa mdomo, "Utapata asilimia 35." Asilimia 35 ya nini? Hakuna aliyeuliza.

Daktari wa pili ndiye aliyeniuliza mimi, mwezi wake wa tatu, wagonjwa walipokwisha kuondoka. Alikuwa na daftari dogo ambamo aliandika kila mgonjwa na kila bei.

"Dada," alisema, "hesabu yangu na bahasha niliyopewa hazifanani hata kidogo."

Nilijua sababu. Shangazi alihesabu fedha zilizokwisha kuingia tu, na kampuni za bima huchelewa kulipa. Kabla ya kugawa alitoa gharama za dawa ya ganzi, za vifaa, na za maabara inayotengeneza meno ya bandia. Kila makato yalikuwa na maana yake. Ubaya ni kwamba daktari hakuwahi kuelezwa.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo lilinihusu. Shangazi aliniagiza kwamba mgonjwa mpya anayetaka meno ya bandia apelekwe kiti cha kwanza, na anayetaka kung'oa jino apelekwe cha pili. Kung'oa hulipiwa kidogo. Nilikuwa natii tu, lakini mkono ulioandika majina katika kitabu cha miadi ulikuwa wangu.

Nilimjibu, "Muulize mwenyewe, Daktari." Sijui kama aliuliza. Mwisho wa mwezi alichukua koti lake jeupe, akaaga, na hakurudi.

Wiki iliyofuata alikuja mama mmoja wa Bukavu anayeuza vitenge mjini. Nilimpenda kwa sababu nilijizoeza Kiswahili changu kwake, ingawa chake kilikuwa tofauti na cha darasani. Daktari aliyeondoka alikuwa ameanza kumtibu mzizi wa jino, akaliziba kwa muda, akampangia siku ya kurudi.

"Munganga yangu iko wapi?" aliniuliza.

Nilimwambia hayupo, na kwamba Shangazi ana nafasi baada ya wiki tatu. Aliondoka amekasirika. Aliporudi, miezi miwili baadaye, shavu lilikuwa limevimba. Jino lilikuwa limepasuka, na halikuwa na la kufanywa ila kung'olewa. Alipokuwa akisubiri ganzi ishike, aliniuliza, "Ule kijana, mulimufukuza?"

"Aliondoka mwenyewe, mama," nilijibu. Nilijua wakati huohuo kwamba ninasema uongo.

Jioni ile nilimwekea Shangazi kitabu cha miadi mezani. Tulihesabu pamoja. Kati ya wagonjwa wote wa meno ya bandia waliokuja wakati wa daktari yule, hata mmoja hakupelekwa kiti cha pili.

"Kwa hiyo mimi ni mwizi?" aliniuliza.

"Hapana, Ssenga. Lakini hesabu uliijua wewe peke yako."

Hakusema nami kwa siku mbili. Siku ya tatu aliniita niandike. Ulikuwa ukurasa mmoja tu: asilimia ni ya fedha zipi, nini kinakatwa kwanza, fedha za bima zinagawiwa lini, nani anagharimia jino lililozibwa likafumuka. Wagonjwa wapya wagawanywe kwa zamu, isipokuwa anayemtaja daktari wake. Anayetaka kuondoka atoe taarifa ya mwezi mmoja na kukabidhi wagonjwa ambao matibabu yao hayajakamilika.

Daktari wa tatu aliusoma mara mbili, akaomba nyongeza moja: kila Ijumaa apewe nakala ya hesabu. Sasa ana mwaka na miezi minne. Mapato ya Shangazi yalipungua kidogo mwanzoni, na alinung'unika. Daktari huyu naye ametuambia wazi kwamba siku moja atafungua kliniki yake huko Masaka. Huenda akaenda, lakini wagonjwa wake watajua mapema.

Darasani tulifundishwa methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari. Nilidhani inahusu mchele na sukari. Siku hizi naona kwamba hata watu hupotea hivyo.

Yule mama bado anauza vitenge. Nikipita hunisalimia vizuri na kuniuliza habari za masomo. Jino lake jingine lilipomuuma, alikwenda kulitibia kwingine.