Mguu Chini ya Kitanda

Katika riwaya yangu (ambayo haijapata mchapishaji, usicheke) yumo jambazi aliyekatwa mguu sura ya tatu. Sura ya nne akavaa wa bandia, akaruka ukuta wa benki. Nilimsomea mjomba sura hizo barazani nikitegemea sifa. Mjomba mwenyewe kisukari kilimpotezea mguu, chini ya goti. Akanyamaza, kisha akasema, "Mjomba, hebu nitolee ule wangu chini ya kitanda, aruke nao huyo jambazi wako."

Niliutoa. Umejaa vumbi, na utando wa buibui ndani. Alikuwa na miezi minane hauvai, eti ulimtoa vidonda, naye aliamini kosa ni lake, hajui kuvumilia. Na sisi nyumbani tuliamini hivyo hivyo. Mimi niliyemaliza kidato cha nne!

Aibu ndiyo iliyonisomesha. Kumbe kigutu hunywea miezi ya mwanzo, uvimbe ukiisha na misuli ikipungua. Ile soketi, yaani sehemu inayokipokea kigutu, ikipimwa mapema itakuja kupwaya, nyama izame ndani, ngozi isuguliwe. Dawa yake ni kuongeza soksi za kigutu, au kutengeneza soketi mpya. Kwa mtu wa kisukari, ambaye huenda hata maumivu hayasikii vizuri, kidonda kidogo chaweza kumrudisha kwenye kisu. Hakuna aliyemwambia mjomba hayo siku ile alipokabidhiwa mguu.

Nikasoma pia habari za Jaipur, kule India. Mwaka 1968 daktari P. K. Sethi na fundi Ram Chandra Sharma walitoa mguu wa mpira ambao mtu anachuchumaa nao na kwenda peku. Wale waliangalia watu wao wanavyoishi, bwana. Kwetu nako, Moshi, chuo cha mafundi wa viungo bandia kipo tangu 1981, na mimi nilikuwa sijawahi kukisikia.

Tulichanga nauli, tukampeleka kupimwa upya. Fundi alikifunga kigutu kwa plasta taratibu, akimuuliza, "Hapa panauma, mzee?" Mjomba akanitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa, ndipo akajibu, "Panauma. Siku zote palikuwa panauma."

Jambazi wangu hajafika benki. Yuko kwenye benchi, anasubiri plasta ikauke.