Mboga za Juu na Mboga za Chini

Nililelewa na Jjajja, mama yake mama yangu, huko Port Bell, mahali ambapo jiji la Kampala linakutana na Ziwa Viktoria. Bandari hiyo ilipewa jina la Hesketh Bell, Mwingereza aliyetawala Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, na reli inayotoka mjini inaishia hapo gatini. Wengi huja Port Bell kwa ajili ya mizigo au samaki. Sisi tunalima mboga. Shamba letu halifiki hata nusu ekari. Linaanzia nyuma ya nyumba na kuteremka hadi ukingoni mwa kinamasi.

Mvua za masika, ambazo sisi Waganda tunaziita ttoggo, zinapoanza mwezi wa Machi, hatuna muda wa kulala. Jjajja huniamsha kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kwanza tunafungulia kuku na kuzoa kinyesi chao. Kisha tunapindua mboji: maganda ya matoke tunayookota kwa majirani, majani makavu, majivu ya jikoni. Baada ya hapo tunang'oa magugu, kwa maana wakati wa mvua magugu huota usiku mmoja tu. Vidukari wakishika sukuma wiki, tunaponda pilipili kali, tunachanganya na maji ya sabuni na kunyunyiza kwa ufagio. Saa mbili naoga matope miguuni na kukimbilia chuo.

Jjajja hajawahi kununua mbolea ya dukani wala dawa ya wadudu. Hakufundishwa na mtu. Yeye husema tu kwamba mboga yenye dawa hawezi kuila, sasa atamuuziaje mwenzake?

Nilipokuwa mwaka wa pili, nikisoma Kiswahili, nilikutana na maneno "kilimo hai". Nikajifunza kwamba tangu mwaka 2007 Afrika Mashariki ina kiwango kimoja cha mazao yanayolimwa bila kemikali za viwandani, na alama yake imeandikwa maneno hayohayo. Nilifurahi sana. Lugha ambayo wenzangu walinicheka kwa kuichagua ilikuwa imeandikwa kwenye mboga! Nikatafuta ubao na rangi, nikaandika KILIMO HAI kwa herufi kubwa, nikautundika langoni. Majirani zetu wengine ni familia za askari magereza wa Luzira, na wao huzungumza Kiswahili, kwa hiyo walisoma na kuelewa.

Jjajja aliuliza maana yake. Nikamwambia ni kilimo kilicho hai.

"Kwani cha wengine kimekufa?" akauliza, tukacheka.

Sikumwambia kwamba alama ile hupewa mashamba yaliyokaguliwa kwanza. Letu lilikuwa limekaguliwa na mimi na brashi yangu.

Ubao ulituletea mteja. Mama mmoja wa Bugolobi aliuona akipita, akaanza kuagiza mafungu 40 ya nakati kila Ijumaa, kila fungu shilingi 1,000. Fedha hizo zikawa nauli yangu na za kutolea nakala chuoni. Kwa mara ya kwanza sikumwomba Jjajja kitu.

Mwezi wa Aprili ikanyesha mvua kubwa usiku kucha. Asubuhi tulikuta matuta manne ya chini yamefunikwa na maji. Anayeishi upande wetu anajua maji hayo yanatoka wapi. Mtaro wa Nakivubo hukusanya maji machafu ya jiji na kuyamwaga kinamasini, nayo hupita humo hadi ziwani. Zamani mafunjo yaliyajaza maeneo hayo na kuyachuja maji kabla hayajafika ziwani, lakini watu wameyakata ili kulima na kujenga. Jjajja amewahi kuona mafuriko makubwa zaidi. Alikuwa msichana mdogo ziwa lilipofurika mwaka 1964, na mwaka 2020 maji yalipopanda na kuivuka hata rekodi hiyo, tulipoteza nusu ya shamba. Safari hii maji yalikaa usiku mmoja na mchana, yakaondoka.

Baada ya siku kumi, nakati ya chini ilikuwa imenawiri kuliko ile ya juu. Majani mapana, ya kijani kilichoiva. Ya juu ilikuwa imepigwa na mvua na kutobolewa na wadudu. Jjajja alipita pale, akatazama, hakusema neno.

Ijumaa ilipofika, Jjajja alikuwa amekwenda mazishini Mukono. Nilivuna matuta ya juu nikapata mafungu 22. Nilisimama na kisu mkononi, nikipiga hesabu ya nauli. Kisha nikateremka. Nilikata mafungu 18 ya chini, nikayaosha mara mbili kwa maji ya bomba, nikayachanganya na mengine, nikampa kijana wa bodaboda apeleke. Nilijiambia kwamba sikuweka dawa yoyote, na hilo lilikuwa kweli.

Jjajja alirudi jioni. Aliona vishina vilivyokatwa kule chini. Hakunigombeza. Alichukua kisu, akakata fungu moja palepale, akaniletea jikoni.

"Pika hizi tule."

Niliziweka mapajani. Nikaanza kuchambua jani moja moja, polepole, kama mtu asiyejua kazi hiyo.

"Mbona hupiki, mjukuu wangu?"

"Jjajja, maji ya mtaro yalipita pale."

"Najua," akasema. "Nilitaka kujua kama na wewe unajua."

Nilimpigia yule mama simu usiku uleule. Nilimweleza kila kitu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema watoto wake walikuwa wamekwisha kula. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimrudishia shilingi zote 40,000 kwa simu, na siku tatu mfululizo nilimpigia kuuliza hali ya watoto. Hawakuugua. Siku ya tatu aliniambia nisipige tena.

Tuliuondoa ubao. Ijumaa tatu zilipita bila oda, nikawa natembea kwa miguu sehemu ya njia ya chuo. Ijumaa ya nne yule mama alikuja mwenyewe, na viatu vyake vizuri akavikanyagisha matopeni. Jjajja alimshika mkono akamtembeza shamba zima, akamwonyesha alama za maji yalipofikia. Yule mama aliagiza mafungu 20, si 40.

Matuta manne ya chini hatuyalimi tena. Tumeyaacha, na mafunjo yameanza kurudi yenyewe. Jjajja anasema yakikomaa atayakata asukie mikeka, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Sijui kama mafunjo yetu machache yanaweza kulisafisha jiji zima, lakini ni afadhali yaote hayo kuliko nakati ninayoogopa kuila.

Ule ubao sasa ni mlango wa banda la kuku. Maneno yangu yanatazama ndani, na kuku ndio wanaoyasoma. Labda siku moja wakaguzi watakuja, labda hawatakuja. Kwa sasa tuna mkaguzi mmoja wa Bugolobi. Kila Alhamisi jioni hunipigia simu, na kabla hata ya kunisalimia huuliza, "Za juu?"

Nami humjibu, "Za juu, mama."