Mjumbe wa Saba

Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu. Likizo iliyopita alikuja kukaa nami Malindi, na ndani ya simu yake mlikuwa na riwaya nyingi kuliko zilizomo kabatini mwangu. Siku ya tatu nilimuuliza anasoma nini hata chai inapoa mbele yake. Akasema, “Binti.” Nikafurahi, nikidhani ni kitabu cha Kiswahili. Akanieleza kuwa kimeandikwa kwa Kiingereza na Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, na kwamba ni habari za msichana anayesafiri kwenda kusoma katika sayari nyingine. Nikamuuliza kama amewahi kusoma cha namna hiyo kwa Kiswahili.

“Bibi, Kiswahili hakina hadithi za angani,” akasema. “Kiswahili ni cha insha na ngano za sungura.”

Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayekwambia kwamba bahari ina chumvi, na hilo ndilo lililoniuma. Asili yake mtoto huyu ni Ngomeni.

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi, kwenye Ghuba ya Ungwana. Mbele yake, baharini, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma, San Marco na Santa Rita, na kutoka huko, kati ya mwaka 1967 na 1988, roketi tisa za Scout zilipeleka setilaiti angani. Sisi watoto tulizizoea nguzo zile kama tulivyoizoea minazi ya nyumbani. Siku baba aliporudi mapema, nyavu kavu na uso umemkunjana, tulijua kuwa wavuvi wameambiwa wakae mbali na kwamba leo kuna jambo.

Roketi niliyoiona vizuri zaidi ni ile iliyobeba setilaiti ya Uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, niko ufukweni na shangazi tunaokota kome. Ulianza mwanga, ukafuata moshi mweupe, halafu mlio uliochelewa njiani ukaja kuitikisa ndoo mkononi mwangu. Shangazi alisoma Kulhuwallahu mara tatu. Katika kumbukumbu yangu bahari ilikuwa imechafuka kwa kusi na vyombo vyote vimevutwa juu mchangani. Lakini nimezitazama tarehe. Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndiyo maana ikapewa jina hilo, na Desemba ni msimu wa kaskazi. Huenda nimeichanganya na ile iliyorushwa tarehe 24 Aprili 1971. Basi na iwe hivyo. Mlio ninaukumbuka, na ndoo ninaikumbuka.

Setilaiti ile ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Ilifanya kazi hadi Machi 1973. Kutokana nayo wanasayansi waliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na habari zake juu ya Cygnus X-1 ziliwasaidia kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Neno letu limo katika historia ya elimu ya nyota zaidi ya miaka hamsini sasa, na mjukuu wangu hakuwa amelisikia. Shuleni hakuambiwa. Mimi pia sikumwambia, na kosa hilo ni langu.

Baada ya siku ile ya ufukweni nilitaka kujua roketi imekwenda wapi, na aliyenijibu alikuwa muuza duka.

Kila Jumamosi baba alipeleka papa mkavu Malindi. Nilimlilia mpaka akakubali kunichukua. Mteja wake mkubwa alikuwa mwenye duka mmoja mtaa wa Shela, mzee mfupi, kofia ya viua kichwani, miwani imefungwa kwa uzi. Aliuza sukari, mchele, mafuta ya taa na kamba za kuvulia. Upande wa kushoto, kwenye rafu tatu, palikuwa na vitabu, na hivyo hakuviuza. Alivikodisha kwa senti kumi kwa wiki. Kila kitabu alikivisha jalada la karatasi ya kaki, akakishona mgongo kwa uzi wa nyavu, akaandika jina lake kwa wino wa zambarau, kwa hati ambayo sijaiona tena kwa mtu.

Harufu ya duka lile ninaweza kuieleza hatua kwa hatua. Mlangoni ulipokewa na papa. Ukiingia kidogo ulikuta mafuta ya taa, kisha iliki, na ukifika kwenye rafu ulipata karatasi iliyokula unyevu wa bahari. Vitabu vilizinyonya harufu zote nne. Hata leo nikifungua kitabu kipya pua yangu hutafuta papa kwanza.

Mzee alikuwa na kanuni yake. Mtoto akirudisha kitabu na kueleza alichokiona ndani, kitabu cha wiki ijayo huchukua bila senti. Lakini ukisema “kizuri” alitikisa kichwa. “Hata halua ni nzuri,” alisema. “Niambie ulichoka wapi. Nani umemwonea huruma? Ungekuwa wewe ungefanyaje?” Ukishajibu alikupa penseli iliyoning’inia kwenye msumari, ukaandika maneno yako kwenye kurasa tupu za mwisho. Kwa hiyo kila kitabu pale kilikuwa na kitabu kingine mkiani mwake. Waliandika mabaharia wa majahazi ya Lamu, mafundi cherehani, watoto wa chuoni, na mkunga mmoja aliyekuwa akisomewa na mwanawe. Katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla mtu alimlaumu mpelelezi wake, Bwana Msa, kwa kujifanya anajua kila kitu, na chini yake wanne walimtetea. Nilijifunza pale kwamba kitabu kinaweza kupingwa, na kwamba anayekipinga lazima awe amekisoma mpaka mwisho.

Nilimwambia nataka kitabu cha watu wanaokwenda juu. Hakufikiri sana. Alinipa Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, habari za nchi nzima iliyo angani. Nilikisoma kwa yakini kwamba roketi ya Ngomeni ilikuwa ikielekea huko. Habari za mashtaka na watawala sikuzielewa. Nilikuja kuzielewa ukubwani. Nilichokishika ni wale wajumbe sita, waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo yenye faida kwa watu wao, wakalipwa adhabu. Niliwalilia mmoja mmoja. Nilipokirudisha kitabu niliandika kwa penseli: “Wajumbe wote sita ni wanaume. Mbona hakutumwa msichana?”

Jumamosi iliyofuata nilikuta mzee ameandika chini ya maneno yangu, kwa wino wa zambarau: “Mtume wewe.”

Mwaka 1974 nilitumwa mimi. Nilipata nafasi katika shule ya bweni ya mbali. Jamaa walikaa siku mbili barazani wakipinga, kwani msichana wa Ngomeni hakuwa amepata kulala mbali na kwao. Mama hakusema neno. Alinitilia kikopo cha mafuta ya nazi katika sanduku, aliyoyatengeneza mwenyewe. Huko wenzangu waliyacheka mafuta yale na harufu yake. Niliendelea kuyapaka.

Miaka iliyofuata naipita upesi, maana kila aliyekuwapo anaijua. Mzee alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Niliporudi Shela rafu tatu zilikuwa zimejaa betri na sabuni, na vitabu vimechanwa, kurasa zikifungiwa njugu. Nilikitafuta Kusadikika chenye maneno yangu, sikukipata. Nikafundisha Kiswahili miaka thelathini na mitatu. Katika miaka hiyo Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya za Nagona na Mzingile. Katama Mkangi, mtu wa pwani yetu, akatoa Walenisi mwaka 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa kufa anatiwa ndani ya chombo cha angani na kufika kwa watu wanaoishi kwa usawa. Jina la mahali hapo, likigawanywa, husomeka wale ni sisi. Kyallo Wadi Wamitila akatoa Bina-Adamu! mwaka 2002. Vitabu hivi havikuandikiwa watoto, lakini kijana wa miaka kumi na sita mwenye mwalimu mwema anaviweza. Kumbe wanafunzi wangu walivitazama kwa swali moja: vinatahiniwa? Visipotahiniwa, duka la vitabu haliviweki. Vikitahiniwa, wanafunzi hununua mwongozo, wakakariri wahusika, maudhui na tamathali, wakafaulu bila kuifungua riwaya yenyewe. Mimi nilipopeleka mswada wangu juu ya msichana na roketi, mchapishaji mmoja alinirudishia akisema haumo katika silabasi. Niliuweka chini ya kitanda, mchwa wakaumaliza. Jambo hili linanikera mpaka leo, na sitaki kulifunika.

Basi wakati wa likizo ile nilimwomba mjukuu wangu anisomeshe vitabu vyake, na tukavisema kwa kanuni ya mzee.

Tulianza na Binti. Kilitoka mwaka 2015, kikapata tuzo za Hugo na Nebula. Msichana ni Mhimba, bingwa wa hesabu, na ndiye wa kwanza katika watu wake kupata nafasi katika chuo kikuu kilicho nje ya dunia hii. Anatoroka nyumbani usiku. Mwilini na katika nywele anapaka otjize, udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, na wasafiri wengine wanamshangaa. Hapo niliiweka simu chini, nikamsimulia mjukuu wangu habari ya kikopo cha mama. Hakuwa anaijua. Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba msichana hauoshi udongo wa kwao ili astahili kwenda mbali, na udongo huohuo ndio unaokuja kuponya. Nilichoka karibu na mwisho. Viumbe walioua wanafunzi wa chombo kizima wanapata suluhu kwa kurasa chache mno, na waliokufa hawajaliliwa vya kutosha. Okorafor mwenyewe alilirudia jeraha hilo katika Home, mwaka 2017, na alifanya vema.

Tukasoma War Girls cha Tochi Onyebuchi, cha mwaka 2019. Ni Nigeria ya mwaka 2172, vita vya Biafra vinapiganwa kwa maroboti, na wasichana wawili wanaopendana kama ndugu wa tumbo moja, Onyii na Ify, wanatenganishwa. Mitambo ni mingi kupita kiasi, na mara nyingine niliwapoteza wasichana wenyewe ndani ya moshi wake. Lakini mwandishi amewapa vijana vita ambavyo wazee wao huvisema kwa kunong’ona. Atakayekisoma aende pia kumuuliza babu yake.

Cha tatu kilikuwa Sunrise on the Reaping cha Suzanne Collins, cha mwaka 2025. Watoto 48 wanatiwa uwanjani wauane mbele ya taifa, na msomaji wa vitabu vya awali vya mfululizo huo anajua tangu mwanzo nani atatoka hai. Kinaeleza vizuri namna watawala wanavyozikata picha na kuzipanga upya hadi uongo upate sura ya ukweli, na vijana wa leo wanahitaji sana elimu hiyo. Hata hivyo nilimwambia mjukuu wangu kwamba nimechoka na watoto kuchinjwa kitabu baada ya kitabu, kana kwamba kesho haina jingine. Akanijibu, “Bibi, hatusomi ili tuone nani atakufa. Tunasoma tuone nani atakataa.” Mzee wa Shela angempa kitabu cha wiki ijayo bure. Nami nilimkubalia.

Usiku wa mwisho tuliitazama Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, juu ya Afrika Mashariki iliyoishiwa maji. Ni kazi njema ya mwanamke wa Kenya. Jina lake ni la Kiswahili, maneno yake ni ya Kiingereza. Ndipo nikaona nilichokuwa nikikitafuta tangu siku ya chai. Uhuru, Binti, Pumzi: dunia hulipenda neno letu mlangoni, na ndani ya nyumba husemwa lugha nyingine. Waliotumia maneno hayo siwalaumu. Nawalaumu wenye lugha, waliokaa nje ya mlango.

Hatuna udhuru wa maneno. Tuna Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Tuna Kilimia, ambacho wazee walikitumia kujua mvua na ukame, na manahodha waliovuka bahari kwa kutazama nyota. Anayedai kwamba Kiswahili hakijui anga hajakaa na baharia. Wachapishaji nawaomba wachapishe kitabu kimoja kwa mwaka kisicho na mtihani mgongoni. Walimu nawaomba wafiche mwongozo na kutoa penseli.

Mjukuu wangu aliporudi shule nilimfungia Kusadikika, chenye jalada la karatasi ya kaki. Kwenye ukurasa wa mwisho niliandika kwa penseli swali langu la utotoni, na chini yake, kwa wino, jibu nililopewa. Wewe kijana unayesoma haya na unayeandika kwa siri, jibu hilo ni lako pia. Mjumbe wa saba ni msichana, anaondokea Ngomeni, na anasema Kiswahili. Mtume wewe.