Baridi ya Njombe na Mikono ya Vijana Wetu

Wasomaji wetu wa Pwani watatuwia radhi tukiwaletea habari ya baridi. Kwao mwezi wa Juni ni nafuu baada ya joto. Kwetu Njombe, mji uliokaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ndio mwezi wa kutoa makoti sandukuni. Ukielekea Makete na Kitulo, zipo asubuhi ambapo majani huamka meupe kwa sakitu. Ni katika saa hizo, mara baada ya Swala ya Alfajiri, vijana wetu wa bodaboda huwasha pikipiki ili kuwawahi abiria wa mabasi.

Baridi ya aliyesimama si baridi ya aliye juu ya pikipiki. Hewa ikiwa na nyuzi 10, mtu aendaye kilomita 50 kwa saa huihisi ngozini kama nyuzi 5 hivi, kwani upepo humpokonya joto kabla mwili haujalirudisha. Mwili nao huhifadhi damu kwa ajili ya moyo na viungo vya ndani, ukaiachia mikono na miguu mabaki. Na mikono hiyo ndiyo iliyoshika breki.

Julai iliyopita kijana wetu mmoja wa nyumbani alirudi kutoka safari ya alfajiri, akasimama uani kimya. Vidole vilishindwa kufungua kamba ya helmeti, mama yake akamfungulia. Tukamwuliza, “Mwanetu, na breki ulikuwa ukiishikaje?” Akajibu, “Nilikuwa naitazama kama imeshikwa. Kuisikia, sikuisikia.”

Jibu hilo lilitukosesha usingizi. Kwa mwendo ule pikipiki hula karibu mita 14 kila sekunde. Vidole vikichelewa nusu sekunde tu, zimekwisha mita 7, nazo zatosha kumfikia mtoto anayevuka barabara.

Tangu siku ile tumeshika utaratibu. Nguo ya ndani iubane mwili kidogo, juu yake sweta, na juu ya yote koti lisilopitisha upepo. Asiye na koti la namna hiyo huweka kipande cha boksi kifuani. Wengine huweka magazeti, nasi twawasihi wasitumie kurasa zenye aya tukufu. Glovu zisibane, maana glovu inayobana huzuia damu. Kioo cha helmeti kikiingia mvuke, kifunguliwe kidogo. Kwenye ukungu taa iwe ya chini, na kilomita za mwanzo ziendwe taratibu, kwa kuwa tairi bado ni baridi na lami ina umande.

Mikono ikianza kufa ganzi, dawa ni kusimama. Iwekwe kwapani, au ioshwe kwa maji ya vuguvugu, kisha inywewe chai ya tangawizi. Isiwekwe kwenye injini wala bomba la moshi, kama tuonavyo vijiweni, kwani mkono wenye ganzi hausikii unapoungua.

Abiria naye ana wajibu wake. Akina mama hujitanda shuka au kitenge juu ya baibui, na mtoto mgongoni. Ncha za nguo hizo zikusanywe na kukaliwa vema kabla ya kuondoka, maana gurudumu la nyuma na mnyororo hudaka kitambaa kinachopepea.

Lakini utaratibu huu wote haumfai kijana asiyeweza kusimama. Tulipomwuliza wetu kwa nini hakupumzika njiani, alitaja neno moja: hesabu. Pikipiki si yake, na jioni mwenyewe hungoja fedha iliyokubaliwa, kuwe na jua au sakitu. Tulimwendea mwenye pikipiki kwa upole, tukamweleza. Alikubali kupunguza hesabu kwa miezi ya Juni na Julai, na kijana sasa hutoka jua likishachomoza.

Miongoni mwenu, ndugu wasomaji, wapo wanaomiliki pikipiki mbili tatu zinazoendeshwa na watoto wa wenzenu huku nyanda za juu. Twawaomba mkae na vijana hao kabla baridi haijaingia, mwaulize wanavaa nini mikononi, na mwapunguzie hesabu ya miezi hiyo miwili. Fedha itapatikana Agosti, inshaallah.