Hakuna Jirani Aliyelalamika

Hakuna jirani aliyelalamika. Nilimwambia mama yangu kwamba watu wa jengo wamelalamikia harufu ya dagaa, na kwamba mwenye nyumba anaweza kutuandikia barua. Yote mawili niliyatunga mwenyewe, asubuhi, nimesimama jikoni na koti la kazini mkononi. Mama akaniamini, maana hakuwahi kunijua kwa uongo.

Naishi Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, ninafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye makao ya wazee. Kwetu ni Ujiji, Kigoma. Mtu akihama kwao kuna vitu anavyojua kabisa kwamba atavikosa, na kuna vingine vinavyomvizia. Dagaa nilijua nitawakosa. Sikujua kwamba nitakosa kuitwa jina langu nikipita mbele ya milango ya watu, wala kumiminiwa maji ya birika mikononi kabla ya kula. Sikujua pia kwamba jioni nzima inaweza kupita nyumbani bila moto kuwashwa. Wajerumani wengi hula chakula cha moto mchana. Jioni hutandika mkate mweusi mzito, jibini, matango ya siki na vipande vya nyama baridi, na mlo huo wanauita Abendbrot. Mkate wao nimeuzoea, na mwingine ni mtamu kweli. Lakini jua likizama mwili wangu ulikuwa unasubiri mwiko ugonge sufuria, na mwiko haukugonga.

Maduka ya vyakula vya Kiafrika yapo. Mengi yanawalenga watu wa Afrika Magharibi: unga wa muhogo uitwao gari, viazi vikuu, ndizi za kupika, na yule samaki mkavu wa Norwei anayependwa sana na Wanaijeria. Mawese utayapata, na sombe ya Wakongo utaikuta imegandishwa. Dagaa wa Kigoma sijawakuta. Nilijaribu samaki wadogo wa Kiel wanaokaushwa kwa moshi na kuliwa wazima na vichwa vyao. Walikaribiana na dagaa, ila mafuta yao ni mengi na moshi umewazidi.

Kitu ambacho sikumwambia mtu ni kwamba hata nilipoletewa dagaa na watu waliotoka nyumbani, sikuwapika kwangu. Nilikuwa nawagawa, kisha naenda kuwala Hamburg kwa marafiki. Chanzo chake nakijua. Wakati natafuta nyumba, mwenye nyumba mmoja alisoma jina langu kwenye karatasi, akanitazama, akaniuliza kama napenda kupika. Swali nililielewa. Nikajibu kwamba napika kidogo sana. Nyumba ile sikuipata, lakini jibu lile nilihama nalo. Nilipopata hii ninayokaa sasa nikajiwekea sheria ambazo hakuna aliyeniandikia: madirisha wazi hata kama theluji inaanguka, vitunguu visikaangwe hadi kubadilika rangi, samaki asipite mlangoni. Mfanyakazi mwenzangu aliwahi kunisimulia kesi ya Cologne ya miaka ya 1980, ya mpangaji aliyefukuzwa kwa ajili ya samaki wa Kiswidi waliochachushwa, na mahakama ikampa haki mwenye nyumba. Nikaishikilia kesi hiyo. Niliacha makusudi sehemu iliyobaki ya habari yenyewe, kwamba mpangaji yule alimwaga maji ya samaki kwenye ngazi za jengo. Kumwaga maji ya samaki ngazini na kupika chakula cha jioni si jambo moja, na nililijua hilo.

Mama alikuja Oktoba 2024, kwa visa ya wageni, ile isiyozidi siku 90. Mwaka huo upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulikuwa umefungwa kwa mara ya kwanza. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 uvuvi ulisimama ili samaki wapate kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Mama aliikaa miezi hiyo bila mboga aliyoizoea tangu utotoni. Ziwa lilipofunguliwa hakukimbilia sokoni. Alisubiri giza, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi, taa zikiwaita juu, na mbalamwezi ikitoka mitumbwi hupumzika. Akasubiri pia siku ya jua kali, ili wakauke siku hiyohiyo bila kunyeshewa. Dagaa alioniletea walikuwa wanang'aa kama fedha, hawana hata chembe ya mchanga. Alikuwa ameulizia sheria kabla ya kufunga mzigo: samaki mkavu anaruhusiwa kuingia Ulaya hadi kilo 20 kwa msafiri, nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi. Chupa ya samli akaiacha kwa dada. Dagaa wakapita.

Siku chache baada ya kufika aliwapika. Akawakaanga kidogo kwenye sufuria kavu, akawaosha kwa maji ya uvuguvugu, akatia mawese, vitunguu, nyanya, pilipili, na mwishoni ndimu. Akasonga ugali wa muhogo kwa unga aliokuja nao. Tulinawa, tukala kwenye sahani moja, na nikalia. Mama akaendelea kula ili nisione haya. Sikumbuki mlo mwingine niliokula hapa ukanituliza kiasi kile.

Asubuhi yake nikanusa koti langu la kazini. Harufu ilikuwamo. Nikafungua mlango, nikanusa ngazi, nikaona imefika hadi chini. Hapo ndipo niliporudi jikoni na kusema uongo.

Angalau ningesema ukweli, kwamba mimi ndiye ninayeogopa. Mama ningempa nafasi ya kubishana na mimi, na kwa kubishana mama hana mpinzani. Niliwaweka mbele watu asioweza kubishana nao, kwa lugha asiyoijua, katika nchi asiyokuwa na haki ya kukaa zaidi ya miezi mitatu. Alisema tu, "Basi mwanangu, tusiwaudhi watu wa watu." Akafunga mfuko wa dagaa, akaniuliza auweke wapi. Nikaupeleka kwenye stoo yangu ya chini ya jengo.

Nilidhani nimemnyima mboga. Kumbe nilikuwa nimemnyima na majirani.

Watu wa huku husalimiana kwa neno moja, "Moin", asubuhi mpaka usiku, na mama alilishika tangu siku ya kwanza. Mama ni Muha. Wazee wa Kiha humsalimia mtu wakipiga makofi taratibu, na yeye akaviunganisha: "Moin", na makofi yake, na kuinama kidogo. Mama mmoja mtu mzima anayekaa ghorofa ya chini yetu alikuwa anasimama na mifuko yake ya sokoni kuipokea salamu hiyo. Baada ya uongo wangu mama aliacha. Akisikia mlango wa chini unafunguliwa, anarudi ndani. Katika mawazo yake, miongoni mwa watu wale yupo aliyemshtaki kwa mwenye nyumba, na kwa kuwa hakumjua ni nani, aliwaepuka wote. Niliyaona hayo. Nikajiambia kwamba ni baridi.

Akawa anakula mkate na chai. Nilimpikia wali, kuku, maharage, anakula vijiko vichache na kusema ameshiba. Kanga aliyokuwa akijifunga kiunoni ilianza kuzunguka mara ya pili. Wakati huohuo ngazi zetu zilijaa harufu nyingine. Bremen baridi ikianza watu huchemsha sukuma wiki yao ya majira ya baridi kwa saa nyingi pamoja na soseji za nguruwe, na hakuna anayefunga mlango wala kuomba radhi. Mama aliuliza, "Hii hawailalamikii?" Nikamwambia hiki ni chakula chao.

Kwa kutaka kumfurahisha nilimpeleka Papenburg, mji mdogo wenye mifereji, ambako mwaka 1913 ilijengwa meli yetu ya Liemba, ya Ziwa Tanganyika. Mama ameipanda mara nyingi, hadi Mpulungu, Zambia. Nilimweleza jinsi ilivyofunguliwa vipande vipande ikatiwa kwenye masanduku, ikateremshwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kuungwa upya. Jinsi Wajerumani wenyewe walivyoizamisha mwaka 1916, na Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Meli yao tumeitunza zaidi ya miaka mia. Wao dagaa wangu wamewashinda siku moja."

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Tulikuwa wawili, tumekaa kwenye benchi, hakuna aliyekuwa anatuharakisha. Nikaangalia saa nikamwambia treni inakaribia.

Kazini kwangu kila mzee anayeingia hujaziwa fomu ya historia ya maisha yake: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, anapenda nyimbo zipi, utotoni alikula nini. Hatuijazi kwa ajili ya kabati. Mzee akianza kukataa chakula, tunarudi kwenye fomu. Miezi hiyohiyo mama akiwa kwangu, tulikuwa na bibi mmoja aliyekimbia Königsberg akiwa mtoto, vita ilipokuwa inaisha. Mji huo leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Alikuwa anageuza uso kila kijiko kikimkaribia. Fomu yake ilikuwa imetaja mabonge ya nyama ya kusaga ya kwao, kwenye mchuzi mweupe wenye uchachu kidogo, ambayo ndani yake husagiwa samaki wadogo wa chumvi. Jikoni waliniuliza kama ni lazima. Nikasema ni lazima, na nikasimama pale mpaka wakakubali. Bibi alikula. Niliandika kwenye faili kiasi alichokula na mwezi uliofuata nikaandika uzito wake, nikiwa na furaha.

Jioni narudi nyumbani, mama yuko mezani na mkate. Sikuwa mjinga wa jambo hili. Ndiyo kazi yangu, nina cheti chake. Mtu mzima aliyetolewa mahali pake hushikilia uhai kupitia mdomo, kwa chakula na kwa salamu, na mimi nilivifunga vyote viwili kwa sentensi moja, kisha nikaenda kazini kuvitetea kwa ajili ya watu wengine.

Mama aliondoka Januari. Dagaa walikuwa wameshika unyevu kule stoo, wameota ukungu. Niliwatupa usiku. Aliponiuliza kwenye simu, nikamwambia nimewagawia Watanzania wa Hamburg, wanashukuru sana. Akafurahi. Uongo huo wa pili unaniuma kuliko wa kwanza, kwa sababu safari hii sikuwa hata na hofu ya kusingizia.

Mwezi Machi yule mama wa chini alinikuta kwenye visanduku vya barua. Aliniuliza kama kuna kosa alilomfanyia mama yangu. Alisema mwanzoni walikuwa wanasalimiana vizuri, halafu ghafla mgeni akawa anamkimbia, na yeye ameliwaza jambo hilo majira yote ya baridi. Mkononi alikuwa na mfuko kutoka kwa muuza samaki. Ndani mlikuwa na Stint, visamaki vyembamba vinavyopanda mito ya kaskazini, Elbe na Weser, mwishoni mwa baridi. Watu wa hapa huwavingirisha kwenye unga, wakawakaanga na kuwala wazima. Nilikuwa nimekaa karibu na Weser miaka na miaka bila kujua. Yule mama aliniambia huwapika kila mwaka, na kwamba nyumba yake hunuka samaki siku mbili.

Nilimjibu kwamba mama yangu hakuwa anajisikia vizuri, nikapanda ngazi. Usiku ule sikulala. Kulipokucha nikampigia mama simu, nikamweleza kila kitu: majirani, barua ya mwenye nyumba, ukungu, Hamburg. Nilitegemea anigombeze. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Yule mama wa chini nilimpita bila salamu. Umekwenda kumwambia?"

Nikaenda. Nilibisha hodi nikamweleza kwa Kijerumani nilichokuwa nacho. Hakucheka, na hakusema haidhuru. Alisema, "Umenifanya mtu mbaya mbele ya mama yako." Nikamjibu kwamba ndivyo nilivyofanya. Alinyamaza, akaniuliza mama anarudi lini, nikasema sijui. Hakunikaribisha ndani siku hiyo, na sikuona sababu ya kukaribishwa. Tunasalimiana. Salamu zake kwa mama nazifikisha kama anavyozitoa, na za mama nazo vilevile.

Nimemwandikia mama barua ya mwaliko kwa ajili ya visa nyingine. Hajakubali wala hajakataa. Anasema goti, anasema mvua, anasema shamba. Simsukumi. Kwangu napika samaki sasa, dirisha likiwa wazi kidogo tu, na hakuna aliyeniandikia barua. Mama akipiga simu jioni huuliza nimekula nini. Zamani nilikuwa namtajia chakula cha kumfurahisha. Siku hizi namwambia nilichokula, hata kama ni mkate.