Sakafu Inayobonyea

Kitenzi "bonyea" hutajwa mara chache darasani, ingawa maana yake twaijua sote. Embe lililoiva hubonyea, na godoro hubonyea. Lakini sakafu ya gari ikibonyea, hilo ni onyo.

Hapa Kabeza, si mbali na uwanja wa ndege wa Kanombe, jirani yangu ana basi dogo kuukuu la kuwapeleka watoto shuleni. Mwezi wa Agosti alinionyesha mahali, chini ya kiti cha nyuma, ambapo mguu ulizama kidogo. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na karo za wanawe mwenyewe zilitegemea basi hilo. Akataka ubao mpya utandikwe juu ya ule wa zamani, ufunikwe kwa mpira, kazi iishe. Fundi akakataa. "Mwalimu, hebu msaidie mzee huyu," aliniambia. "Kiti kimeshikwa na bolti. Bolti zimeshika nini?"

Ubao huo, ambao wengine huuita plaiwudi na mafundi wa hapa tripleksi, hufanywa kwa tabaka nyembamba zilizounganishwa kwa gundi, nyuzi za kila tabaka zikikingama na za tabaka jirani. Maji yakipenya, ubao huvimba, ukikauka hunywea, hatimaye gundi huachia na tabaka hubanduka. Hata hivyo, kubanduka si kuoza. Kuoza ni kazi ya kuvu, nayo haistawi katika ubao wenye unyevu ulio chini ya asilimia 20 hivi. Tofauti ya vitenzi hivi ndiyo tofauti ya tiba: ubao uliobanduka tu, ukiisha kukauka, waweza kutiwa gundi na kukandamizwa, uliooza hauna budi kukatwa. Magari ya Ulaya yaliyo nyumba, yenye vitanda na jiko, nayo huugua ugonjwa huu yakizeeka.

Fundi alichokoa kwa bisibisi, ikazama kama katika muhogo uliochemshwa. Kisha akafuata unyevu ulikotoka. Husemwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wenyewe u wapi? Haukuwa sakafuni. Mpira wa dirisha ulikuwa umepasuka, na maji yakiteremka ndani ya ubavu wa gari hadi chini. Lau sakafu ingalitangulia kutengenezwa, mvua za Umuhindo, zianzazo Septemba, zingaliiozesha upya.

Basi dirisha likatangulia. Ubao ukakatwa hadi penye mbao nzima, pakaachwa pakauke. Kipande kipya cha unene uleule kilipakwa rangi kingoni kabla ya kuwekwa, maana kingo ndizo kinywa cha tripleksi. Chini ya bolti pakatiwa vibati vipana vya chuma. Kazi ilivuka siku ya kufungua shule: jirani alikosa malipo ya juma zima, na wazazi wawili wakahamia gari jingine. Waliobaki watoto wao huketi juu ya kitu kizima.

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, sisi walimu twasaka istilahi vitabuni. Gereji nazo zinazo. Wanafunzi wangu nimewapa vitenzi vitano wavipange kama maji yafanyavyo kazi yake: vimba, nywea, banduka, oza, bonyea. Cha mwisho ndicho cha kwanza kutambuliwa na mguu.