Kaka wa Bluu, Dada wa Nyekundu: Kwani Wakicheza Kuna Nini?

Kuna jamaa mmoja yuko Lexington, jimbo la Kentucky, kule Marekani. Ana miaka thelathini na kitu, anapiga shifti za usiku kwenye ghala, na ukiliona gari lake tu unajua ni mtu wa chama gani. Bendera ya bluu mbele, stika ya bluu nyuma, hadi kamba ya funguo ni ya bluu. Timu yake ni University of Kentucky, mpira wa kikapu. Mguse kwingine kote, hapo usimguse.

Ana mdogo wake wa kike. Huyo yuko Louisville, jimbo hilo hilo, mwendo wa saa moja na ushee kwa gari. Anasoma University of Louisville, na wao rangi yao ni nyekundu. Unaona tayari shida inapoanzia.

Hawa ni watoto wa Fizi, Kongo, waliokulia kambi ya Nyarugusu pale Kigoma kabla familia haijapelekwa Marekani. Sio wao peke yao. Lexington na Louisville kuna Wakongomani wengi sana, Kiswahili unakisikia dukani, kanisani, hadi shuleni. Kaka alifika akiwa kijana mkubwa, akaingia kazini moja kwa moja. Dada alifika mtoto, akasoma. Ada ndogondogo, viatu, simu ya kwanza, vyote vilitoka kwenye zile shifti za usiku.

Sasa dada alipomaliza sekondari akakubaliwa vyuo vyote viwili. Kaka alishanunua jezi ya bluu ya saizi yake. Lakini Louisville walimpa msaada mkubwa zaidi wa ada, akaenda Louisville. Hesabu tu, hakuna usaliti hapo. Kaka alicheka, akasema, "Sawa, nenda ukasome na maadui." Ulikuwa utani. Mwanzoni.

Msimu wa 2022-23 Louisville ilishinda mechi 4 tu kati ya 32. Unaofuata ikashinda 8. Ndipo mashabiki wengi wa bluu wakaanza ule wimbo wao: hivi tunacheza na hawa wa nini? Mezani kwa mama, kwenye bugali na sombe, kaka ndiye alikuwa msemaji mkuu.

"Tukiwapiga hatupati kitu, kila mtu anajua tungewapiga. Wakitupiga, wao ndio wanaandika historia. Sisi tuna ubingwa wa taifa mara 8. Nyie mnao mara 2."

"Mara 3," dada akasema.

"Ule wa 2013 mlinyang'anywa!"

Ni kweli ulifutwa, mwaka 2018, kwa makosa ya programu yao. Ila mwambie shabiki wa nyekundu kwamba alichokiona kwa macho yake hakikutokea, uone.

Desemba 2023 timu zikakutana Louisville. Bluu 95, nyekundu 76. Usiku ule kaka akamtumia mdogo wake voice note. Utani wa mpira ulikuwa mwingi, sawa, lakini mwishoni akaongeza: "Ndiyo faida ya kuacha chuo cha maana ukakimbilia vya ovyo."

Alichokuwa hajui ni kwamba wiki hiyo dada alikuwa amefeli somo la kemia na alikuwa anawaza kuacha shule kabisa. Aliisikiliza mara tatu. Hakujibu. Krismasi hakuja nyumbani. Pasaka hakuja. Mama akawa anapika kama kawaida na kuweka sahani ya ziada, kisha anaiondoa kimya kimya.

Kaka naye hakupiga simu. Alijiambia yeye ndiye mkubwa, aanze vipi?

Hapa inabidi kurudi nyuma kidogo, maana huu ugomvi wa "tucheze, tusicheze" ni wa zamani kuliko familia hii kuhamia pale. Kentucky na Louisville zilikaa kuanzia 1922 hadi 1983 bila kukutana kwenye msimu wa kawaida hata mara moja. Zilikutana kwenye mashindano ya taifa tu, ambako ratiba haikuulizi unamtaka nani. Kocha mkubwa wa Kentucky, Adolph Rupp, msimamo wake ulikuwa kutopanga mechi na vyuo vya jimbo lake mwenyewe. Mkubwa hampandishi mdogo chati. Joe B. Hall aliyemfuata akaushikilia msimamo huo huo, huku kocha wa Louisville, Denny Crum, akiitaka mechi hiyo kila akipata nafasi ya kusema.

Tarehe 26 Machi 1983 ratiba ikawakutanisha kwa nguvu, Knoxville, jimbo la Tennessee, mshindi anakwenda nusu fainali ya taifa. Gavana wa Kentucky wa wakati huo alikwenda na koti nusu bluu nusu nyekundu, maana angevaa rangi moja angepoteza nusu ya wapiga kura. Muda wa kawaida ukaisha 62 kwa 62. Dakika za nyongeza Louisville wakamwaga pointi 18, Kentucky 6. Ikawa 80 kwa 68.

Presha ikawa kubwa, wanasiasa wakiwemo. Novemba mwaka huo huo mechi ikachezwa Lexington, na Kentucky wakashinda 65 kwa 44. Dunia haikuisha. Tangu hapo wanakutana karibu kila mwaka.

Na sio Kentucky tu. Jimbo la Kansas, wakubwa wa Kansas walikaa miaka mingi bila kupanga mechi na Wichita State, hadi seneta mmoja wa jimbo mwaka 2013 akapeleka muswada wa kuwalazimisha. Haukufika popote. Machi 2015 mashindano ya taifa yakawakutanisha, Wichita State wakashinda 78 kwa 65. Unayemkwepa kwenye ratiba utakutana naye tu, tena siku ambayo kufungwa kunauma zaidi.

Tuwe wakweli lakini, wa bluu wana hoja zao. Ratiba imejaa. Mechi ya nyumbani dhidi ya timu ndogo inaleta hela ya tiketi bila presha. Na chuki ipo kweli. Mwaka 2012, siku chache kabla ya timu hizi kukutana nusu fainali, wazee wawili walipigana kwenye kliniki ya kusafisha figo hapo hapo Kentucky, wakibishania mechi. Watu wako kwenye matibabu, wanarushiana mikono kwa sababu ya kikapu!

Sasa turudi kwa jamaa yetu. Ghalani alikuwa na mzee mmoja, Mmarekani, shabiki wa bluu tangu utoto. Novemba 2024, wakati wa mapumziko, kaka akaanza tena wimbo wake wa "hii mechi ifutwe". Mzee akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza kama anajua Hall na Crum waliishia wapi. Kaka hajui.

"Waliishia kwenye redio," mzee akasema. "Kipindi kimoja, meza moja, karibu miaka kumi."

Na ni kweli. Yule aliyekataa mechi na yule aliyeing'ang'ania walizeeka wakiwa marafiki, wanataniana hewani, jimbo zima linasikiliza. Wote wawili sasa ni marehemu, Hall mwaka 2022 na Crum mwaka 2023.

Kaka alimaliza shifti asubuhi, akakaa kwenye gari lake la bluu bila kuwasha injini. Akapiga simu.

"Yaya," dada akapokea. Kimya.

"Ile voice note nilikosea."

Kimya tena. Kisha dada akasema, "Nilikuwa nimefeli, ujue. Wiki ile ile."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Hapo hakuwa na jibu. Akasema tu kwamba mechi ni tarehe 14 Desemba, Rupp Arena, tiketi hana uwezo nazo ila TV ya mama ipo. Dada akamuuliza kama ameacha ule wimbo wake wa kufuta mechi. "Kambini tulikuwa tunasikiliza Simba na Yanga kwenye kiredio cha baba," akamwambia. "Uliwahi kusikia baba anasema wasicheze kwa sababu timu yake inaweza kufungwa? Wewe huogopi Louisville, yaya. Unaogopa kuonekana umefungwa na mdogo wako."

Alikuja. Na jezi nyekundu, bila aibu. Ile sahani ya ziada ikakaliwa. Walizomeana dakika zote 40, mama hajui hata sheria moja ya kikapu lakini alikuwa anashangilia kila kikapu, cha bluu na cha nyekundu. Kentucky 93, Louisville 85. Kaka alirukaruka sebuleni mpaka jirani wa chini akagonga.

Kisha akakaa, akavuta pumzi, akamuuliza: "Kemia vipi?"

"Nilirudia. Nimepita."

"Hiyo ndiyo ushindi," kaka akasema, na safari hii hakuongeza kitu mwishoni.

Dada alipokuwa anaondoka akamwambia, "Mwakani ni kwetu Louisville. Utakuja?" Kaka akasema ataomba ruhusa kazini mapema.

Watu wengi tuna mechi ambayo hatutaki kuipanga. Tunasema ratiba imebana, tunasema yule sio wa kiwango chetu, kumbe tunahofia matokeo tu. Wewe ya kwako ni na nani, na umeikwepa kwa muda gani?